Mashine ya boti ya farasi 40, ya zamani, inaishiwa nguvu baada ya robo saa: nilivyoitafuta hitilafu hadi nikaipata

Mwanzisha uzi

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Uzi huu nimeuandika kwa ajili ya wenzangu wenye mashine za boti za zamani, zile za kuchanganya oili na petroli, ambazo mpaka leo ndizo zinazobeba samaki na abiria katika sehemu kubwa ya pwani yetu. Mashine yangu ni ya farasi 40, ina silinda 2 na kabureta 1, na imefungwa kwenye tezi (sehemu ya nyuma) ya boti ya fiberi yenye urefu wa futi 23 ninayoitumia kati ya Kilwa Masoko na Songo Songo. Niliinunua ikiwa imeshatumika, na kwa miaka 4 haikunipa shida ya maana, hadi msimu wa kusi uliopita ilipoanza kuishiwa nguvu njiani. Ilichukua miezi 2 na mafundi 3 kabla chanzo hakijajulikana.

Dalili zilikuwa hivi. Asubuhi mashine iliwaka kwa mvuto wa pili wa kamba, ikatulia vizuri katika mwendo wa chini, na ikatoka bandarini bila kusita. Nilipofungua mafuta yote, yaani kusukuma mkono wa mafuta hadi mwisho, boti ilipanda juu ya maji kama kawaida na simu ilionyesha mwendo wa kilomita 34 kwa saa. Baada ya kama dakika 15 nguvu ilianza kushuka polepole, kana kwamba kuna mtu ananirudishia mkono wa mafuta nyuma bila mimi kumwona, mpaka tezi ikazama, omo (sehemu ya mbele) ikainuka, na mwendo ukabaki kilomita 15. Mashine haikumisi, haikukohoa, haikutoa moshi wa ajabu, na mkojo wa maji ya kupoozea ulitoka kwa nguvu ile ile. Nikipunguza mafuta kwa dakika 3 au 4 kisha nikafungua tena, nguvu ilirudi kwa muda mfupi halafu ikapotea upya.

Fundi wa kwanza alifungua kabureta akaisafisha, na baada ya wiki moja akaifungua tena. Wa pili alibadilisha plagi zote mbili. Wa tatu aliniambia koili, kifaa kinachotoa umeme wa cheche, imechoka, nikanunua koili. Sisemi haya kwa kuwalaumu, kwa sababu kila kimoja kati ya vitu hivyo kinaweza kweli kuiondolea mashine nguvu. Ninachosikitika ni kwamba hakuna hata mmoja wetu, mimi nikiwa wa kwanza, aliyepima chochote kabla ya kushika spana. Tulikuwa tunakisia, na kila kisio lilikuwa na bei yake.

Liko jambo ambalo wengi wetu tunalichukulia kwa wepesi, nami nawaomba mlisome kwa makini. Katika mashine hizi oili haikai kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) kama ilivyo kwenye injini ya gari; inaingia pamoja na petroli. Kwa mchanganyiko wa 1 kwa 50, yaani nusu lita ya oili katika lita 25 za petroli, pistoni na beringi za krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) zinalainishwa na kile kinachopita kwenye kabureta na si kitu kingine. Kwa hiyo mashine inayoishiwa nguvu kwa kukosa mafuta inaishiwa oili wakati huo huo, tena wakati joto liko juu kabisa, na ukiendelea kuilazimisha ili uwahi kufika, unaweza kufika huku pistoni imekwaruza silinda au mashine imenoki, yaani imekwama isizunguke. Boti ikianza kupoteza nguvu katikati ya maji, rudisha mafuta chini kwanza, ndipo uanze kutafakari.

Baada ya kuchoka kukisia niliamua kwenda kwa hatua, nikianza na kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Niliwasha mashine ikapata joto, nikaizima, nikatoa plagi zote mbili, nikazishikiza nyaya za plagi kwenye chuma cha mashine ili umeme upate pa kupita bila kuharibu mfumo, nikafungua mafuta yote, nikafunga kipimo kwenye tundu la plagi na kuvuta kamba mara 5 au 6 hadi sindano ikaacha kupanda. Silinda ya juu ilisoma psi 112 (psi ni kizio cha shinikizo) na ya chini psi 110. Kinachotazamwa zaidi hapa ni tofauti ya silinda moja na nyingine, ambayo haipaswi kuzidi asilimia 10 hivi, kwa maana vipimo vya madukani havilingani na kipimo cha mtu mwingine kinaweza kusoma tofauti. Kwangu silinda zilikuwa sawa, nikajua kwamba ringi na gasketi ya kichwa ni nzima na kwamba mashine bado inastahili kugharimiwa. Kama silinda moja ingesoma psi 110 na nyingine 70, hakuna kabureta wala koili ambayo ingeniokoa.

Hatua ya pili ilikuwa umeme. Nilitumia kipimo cha cheche chenye mwanya unaorekebishika, nikauweka karibu milimita 11, na cheche iliruka ikiwa ya buluu na yenye mlio kwenye nyaya zote mbili. Nilirudia kipimo hicho mashine ikiwa ya moto, mara tu baada ya kupoteza nguvu, kwa sababu koili inayokufa kwa joto huonekana nzima kabisa ikipimwa asubuhi. Cheche haikubadilika.

Likabaki suala la mafuta, na hapa ndipo kosa langu la awali lilipokuwa. Mimi nilidhani kwamba kama mashine inatulia vizuri katika mwendo wa chini, basi mafuta yanafika. Sivyo. Mashine ya farasi 40 ya aina hii, ikifunguliwa mafuta yote, inakunywa zaidi ya lita 15 kwa saa, ambayo ni kama robo lita kila dakika, glasi nzima. Katika mwendo wa chini inahitaji sehemu ndogo tu ya kiasi hicho. Njia iliyobanwa inaweza kupitisha matone yanayotosha kuituliza mashine bandarini na isiweze kabisa kupitisha glasi moja kila dakika. Ndiyo maana hitilafu ya aina hii huonekana tu pale boti inapobeba uzito na kukimbia.

Nilianza na skrubu ya hewa kwenye kifuniko cha tangi. Ikiwa imefungwa, tangi linajivuta ndani kadiri mafuta yanavyopungua, na baada ya dakika 10 au 20 pampu ya mashine inashindwa kunyonya. Skrubu yangu ilikuwa wazi, na nilipofungua kifuniko chote haikuleta tofauti. Kisha tukaenda baharini mimi na kijana wangu mmoja, boti ya jirani ikitufuata kwa tahadhari, kila mmoja wetu akiwa amevaa jaketi la kuokolea. Nguvu ilipoanza kushuka nilimwambia kijana aibonyeze pampu ya mkono, ile ya mpira iliyo katikati ya mpira wa mafuta. Aliibonyeza mara 4 na boti ikanyanyuka palepale. Alipoacha, nguvu ikapungua. Alipobonyeza tena, ikarudi. Nilikaa kimya kidogo nikikumbuka ile koili mpya.

Kijana aliniambia jambo jingine ambalo lilikuwa la thamani kubwa: pampu ya mkono haikuwa imebonyea, bali ilikuwa imejaa na ngumu. Kama kizuizi kingekuwa upande wa tangi, kwa mfano chujio la bomba la kufyonzea au skrubu ya hewa, pampu ile ingenyonywa hadi ikabanana kama embe lililokaushwa. Kwa kuwa ilikuwa imejaa, mafuta yalikuwa yanafika kwenye pampu ya mkono lakini hayaendi mbele. Kizuizi kilikuwa kati ya hapo na mashine: mpira wa mafuta, kiungio, chujio dogo lililo ndani ya kifuniko cha mashine, au pampu ya mashine yenyewe.

Nikaazima tangi la lita 25 lenye mpira wake na pampu yake ya mkono. Tulikimbia dakika 40 mafuta yote yakiwa wazi na nguvu haikushuka hata mara moja. Hapo pampu ya mashine, chujio na kabureta vikaondoka kwenye orodha ya washukiwa. Nikafunga mpira wangu wa zamani kwenye tangi lile lile la kuazima, na kabla ya dakika 20 ugonjwa ukarudi.

Nilipofika nyumbani niliupasua mpira kwa kisu kuanzia kwenye kiungio cha mashine. Kwa nje ulikuwa mzuri, hauna ufa wala hauvuji. Kwa ndani, kama sentimita 12 kutoka kwenye kiungio, utando wa ndani ulikuwa umebanduka kutoka kwenye mpira wa nje na kusimama kama ulimi. Pampu ya mashine ilipovuta kwa nguvu, ulimi ule ulivutwa na kuziba njia; nilipopunguza mafuta, ulilala na njia ikafunguka; kijana alipobonyeza kwa mkono, shinikizo liliusukuma ukutani. Niliugusa kwa kidole, ulikuwa laini na wenye utelezi kama ngozi ya pweza aliyechemshwa. Kila dalili niliyoiona kwa miezi 2 ilitokana na kipande kile kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Mpira mpya pamoja na klipu zake uligharimu sehemu ndogo sana ya bei ya koili.

Nawakaribisha wenye uzoefu kuongeza na kunisahihisha.

Mchangiaji kutoka Mafia

Mkuu, shukrani kwa uzi wenye maelezo. Nina swali moja. Dalili ulizozieleza, za nguvu kushuka taratibu na kurudi ukipunguza, mimi ningeenda moja kwa moja kwenye mafuta. Kwa nini ulianza na kompresheni na cheche, wakati kubonyeza pampu ya mkono hakuhitaji chombo chochote?

Pia mimi nina tatizo linalokaribiana nalo, ila langu mashine inapandisha na kushusha sauti yenyewe kana kwamba inapumua, na pampu ya mkono haijai kabisa hata niibonyeze mara 30. Haivuji petroli mahali popote ninapopaona.

Mwanzisha uzi

Swali lako ni la haki, mkuu. Kubonyeza pampu ya mkono ni bure na mtu anaweza kuanza nako siku ile ile tatizo linapotokea. Nilianza na kompresheni kwa sababu mashine ilikuwa imeshakimbia wiki kadhaa ikiwa na njaa ya mafuta, na nilitaka kujua kama pistoni zimeshadhurika kabla sijaongeza shilingi nyingine.

Kuhusu yako, kutovuja hakumaanishi kwamba njia imefunga vizuri. Sehemu yote ya kati ya tangi na pampu ya mashine inafanya kazi kwa kunyonya, kwa hiyo tundu dogo halitoi petroli nje bali linaingiza hewa ndani. Kagua oringi za viungio vya pande zote mbili, kisha tafuta kipande kifupi cha mpira unaoonyesha ndani ukiunge karibu na mashine kwa muda wa majaribio tu. Ukiona viputo vinapita, una tundu la hewa. Ukikuta hakuna viputo na pampu ya mkono bado haijai, basi vali zake za ndani zimechoka, kwa kuwa pampu ile ina vali mbili zinazoruhusu mafuta kwenda upande mmoja tu. Hakikisha pia mshale uliochorwa juu yake unaelekea kwenye mashine.

Mchangiaji kutoka Tanga

Wanangu, mimi nimekuwa fundi wa mashine hizi tangu zile za kuwashia kwa kamba ya kuzungusha juu ya flaiwili (gurudumu zito lililo juu ya mashine), na nimefurahi kuona kijana anapima badala ya kubahatisha. Naomba niongeze pale alipopita haraka, kwenye umeme.

Mwanangu, umebahatika kwamba mashine yako ilipoteza nguvu kwa silinda zote mbili kwa pamoja. Mashine ya silinda 2 yenye kabureta 1 ina faida hii: uchafu wa kabureta au uhaba wa mafuta huzigusa silinda zote mbili, lakini plagi mbovu, koili mbovu au ringi iliyovunjika huigusa moja. Kwa hiyo kabla ya jambo lolote jiulize kama mashine yote imedhoofika au silinda moja imelala. Ikilala silinda moja mashine hutetemeka na mlio wake hubadilika ukawa mzito wenye kudunda, na boti hushindwa kabisa kupanda juu ya maji, kwa sababu silinda iliyobaki inabeba boti na pia inamburuta mwenziwe mfu.

Kuijua silinda iliyolala ni rahisi. Mashine ikiwa inazunguka katika mwendo wa wastani, boti ikiwa imefungwa kamba imara, toa waya wa plagi moja kwa koleo lenye mpira na uushikize kwenye chuma papo hapo, usiuache ukining'inia hewani kwa sababu moduli ya umeme inaweza kuungua. Mzunguko ukishuka, silinda ile ilikuwa inafanya kazi. Usiposhuka, umeipata. Badilishana plagi za silinda hizo. Ugonjwa ukihama pamoja na plagi, tatizo ni plagi, na usipohama, nenda kwenye koili na nyaya.

Lipo tatizo jingine ambalo mafundi wengi vijana hawalifikirii. Flaiwili imefungwa kwenye krenki kwa kipande kidogo cha chuma kinachokaa kwenye mfereji wake. Nati ya flaiwili ikilegea, au rafadha (propela) ikigonga mwamba kwa kishindo, kipande kile kinaweza kukatika nusu, na flaiwili ikahama kwa kiasi kidogo tu. Mashine itawaka, cheche itakuwa nzuri, kompresheni itakuwa nzuri, mafuta yatakuwa mazuri, na bado haitakuwa na nguvu, kwa kuwa cheche inatoka wakati usio wake. Vivyo hivyo, kuna fito inayounganisha mkono wa mafuta na sahani ya umeme ili cheche iwahi zaidi kadiri unavyofungua mafuta. Ikichomoka au ikirekebishwa vibaya na mtu aliyefungua kabureta, mashine inabaki na cheche ya mwendo wa chini hata ukifungua mafuta yote. Mimi nimezipokea mashine kadhaa za namna hiyo zikiwa na kabureta mpya.

Mwanzisha uzi

Shikamoo mzee wangu. Nakushukuru sana kwa hili la kutofautisha silinda moja na zote mbili. Lingenipunguzia wiki tatu kama ningelijua mapema. Fito hiyo ya cheche nitaikagua wiki hii.

Mchangiaji kutoka Ukerewe

Wakuu, habari za huko baharini. Mimi niko Ziwa Victoria. Nilinunua mashine ya farasi 15 kutoka kwa mvuvi wa Bagamoyo ambaye aliniendesha nayo na nikaridhika. Nilipoileta huku ikawa nzito, inatoa moshi mweusi kidogo, na plagi zinarudi na masizi meusi yenye unyevunyevu. Fundi anasema nimeuziwa mashine mbovu. Kompresheni nimepima, ni psi 105 na 104.

Mchangiaji kutoka Tanga

Mwanangu, huyo mvuvi hakukudhulumu. Ziwa lenu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Bagamoyo kwa kama asilimia 10, na mashine isiyo na vifaa vya kujirekebisha inapoteza nguvu kwa kadiri hiyo hiyo, bila kuwa na ugonjwa wowote. Hata kompresheni yako lazima isome chini kuliko ilivyosoma pwani. Juu ya hayo, jeti ya kabureta, kile kitundu kinachopima petroli, iliyochaguliwa kwa ajili ya usawa wa bahari inamimina petroli ile ile katika hewa iliyopungua, ndiyo maana plagi zinarudi nyeusi.

Tafuta jeti kuu ya kabureta yenye tundu dogo kwa hatua moja, kwa kufuata kitabu cha mashine yako, wala usithubutu kuipunguza kwa kukisia, kwa kuwa jeti ndogo kupita kiasi ndiyo inayotoboa pistoni. Kisha angalia rafadha. Rafadha ya pwani inaweza kuwa na lami kubwa mno kwa huko, nikimaanisha umbali ambao ingejisokota mbele kwa mzunguko mmoja, unaopimwa kwa inchi. Kupunguza inchi moja kwa kawaida huongeza mizunguko 150 hadi 200 kwa dakika. Funga kipima mizunguko kile cha kubana kwenye waya wa plagi, fungua mafuta yote ukiwa na mzigo wako wa kawaida, na uone kama mashine inafika kwenye mizunguko iliyoandikwa kitabuni. Isipofika, punguza lami.

Mchangiaji kutoka Bagamoyo

Naomba nilete upande mwingine. Kwangu mashine ilikuwa inapiga kelele kama kawaida, tena zaidi, lakini boti haiendi. Nilikaribia kuuza mashine. Kumbe rafadha ina mpira katikati unaoishikamanisha na shafti, uliowekwa ili ikigonga kitu mpira uteleze na gia zisivunjike. Ule wangu ulikuwa umezeeka na kuteleza kila nilipoongeza mafuta.

Aliyenifunulia alitumia rangi ya kucha ya mke wake. Alichora mstari mmoja mnyoofu nyuma ya rafadha, kuanzia kwenye chuma cha ndani, ukapita juu ya mpira, hadi kwenye mwili wa rafadha. Tukaenda mbio kwa dakika 5, tukarudi, tukainua mashine. Mstari ulikuwa umekatika vipande viwili vilivyopishana karibu robo ya duara. Hakukuwa na haja ya mjadala tena.

Mchangiaji kutoka Kilwa Kivinje

Jirani yangu wa Masoko, naomba usisahau petroli yenyewe. Sisi tunaonunua kwenye madumu hatujui imekaa wapi. Kila ninaponunua, namimina kidogo kwenye chupa nyeupe ya kioo na kuiacha itulie. Maji huzama chini na kuonekana kama shanga zinazotembea ukiinamisha chupa. Mafuta ya taa hayaonekani kwa njia hiyo, na ndiyo ya hatari zaidi. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza mwaka 2010 kuweka vinasaba (kemikali za alama) katika mafuta ili kuubaini uchakachuaji, lakini vinasaba husomwa kwa vifaa vya wakaguzi, mvuvi ufukweni hana. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa inalipuka kabla ya wakati wake ndani ya silinda, mashine inatoa mlio wa kugongagonga chini ya mzigo, inakosa nguvu, na plagi inarudi nyeupe yenye vichembe vinavyometameta. Vichembe hivyo ni alumini ya pistoni yako. Nimeviona kwa macho yangu, na pistoni tulipoitoa ilikuwa na shimo la kupitisha penseli.

Mwanzisha uzi

Asante jirani. Utaratibu wa chupa nimeuanza leo.

Narudi kutoa taarifa ya wiki 3. Mpira mpya umeimaliza shida ya kupoteza nguvu njiani na haijarudi hata siku moja. Hata hivyo nilibaki na kero ndogo: mwendo wa juu ulikuwa kilomita 34, wakati mwaka niliponunua mashine ulikuwa unafika 38. Nilishazoea, lakini baada ya ushauri wa mzee wa Tanga niliona nisiache.

Kwanza nilihakikisha napima kwa haki. Mkondo wa maji ukiwa nyuma yako, simu inakudanganya kwa kuongeza, na ukiwa mbele inakudanganya kwa kupunguza, kwa hiyo nilikimbia kwenda na kurudi kwenye mstari ule ule, maji yakiwa yamesimama kati ya kujaa na kupwa, nikachukua wastani. Nilipata 33.5. Kisha niliitoa boti nchi kavu siku ya bamvua. Chini palikuwa na viumbe vya magamba vilivyoganda nyuma karibu na tezi, tukavikwangua, na ngamani tulikuta maji mengi chini ya sakafu ambayo hayakuwa yanafika pale tunapofulia. Baada ya kazi hiyo nilipata 35.5.

Kilichobaki kilikuwa kwenye mkono wa mafuta. Mashine ikiwa imezimwa, nilivua kifuniko, nikamwambia kijana azungushe mkono hadi mwisho, mimi nikamulika tochi ndani ya mdomo wa kabureta. Kile kisahani kinachoruhusu hewa hakikuwa kimelala sambamba na njia. Kilikuwa kimebaki kimeinama, kikiziba kama sehemu moja ya tano ya tundu. Waya wa mafuta ulikuwa umelegea, na inawezekana umekuwa hivyo tangu kabureta ilipofunguliwa mara ya kwanza. Niliukaza kwa nati yake ya kurekebishia, nikahakikisha kisahani kinafunguka kikamilifu na kinajifunga chenyewe ninapoachia, kisha nikatazama ile fito ya cheche. Na yenyewe haikuwa inafika kwenye kizuizi chake cha mwisho, kwa sababu zote mbili zinaendeshwa na mkono mmoja. Mzee wangu, ulikuwa umeiona mashine yangu ukiwa Tanga.

Leo asubuhi, nikiwa na watu 4 na lita 50 za petroli, wastani wa kwenda na kurudi umekuwa kilomita 37.8. Nilizima mashine ghafla nikiwa bado katika mwendo wa juu, bila kuipa nafasi ya kutulia, nikatoa plagi nikiwa nimetia nanga. Zote mbili zilikuwa na rangi ya kahawia nyepesi, kavu, zinazofanana.

Mchangiaji kutoka Mafia

Mkuu, hongera. Mimi pia nimefanya jaribio la mpira unaoonyesha ndani. Viputo vilikuwa vingi kama soda. Oringi ya kiungio cha upande wa tangi ilikuwa imekauka na kupasuka mahali pawili. Nimeibadilisha, pampu ya mkono sasa inajaa kwa mibonyezo 6, na kesho alfajiri naenda Nyamisati nikiwa na abiria, nitaleta majibu nikirudi.